Kamera Inayokonyeza

Mara ya mwisho mliniacha nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wanangu wamenizunguka kama watu wanaopima kama kabati litapita mlangoni. Asanteni kwa salamu za pole. Wengine mlinielekeza na dawa za goti. Nimezijaribu zote. Goti limezipenda sana, ila halina mpango wa kupona.

Kwa aliyekuwa safarini, habari ni hii. Mimi ni fundi cherehani, mjane, mwenye nyumba yangu na wateja wangu. Nilianguka kwenye bomba la uani. Jirani yangu Mama Pazia, ambaye ndiye kamera ya kwanza ya mtaa huu na wala hali umeme, akampigia simu mwanangu wa kwanza kabla hata sijamaliza kuanguka. Mwanangu akaitisha kikao cha familia kunihusu mimi, bila mimi. Kikao kikaamua nihamie kwake, ghorofa ya nne, vyumba viwili, nikale, nilale, nitazame ukuta.

Nilikataa. Tukavutana. Mwisho tukapatana: zifungwe kamera nyumbani kwangu, nitazamwe mwezi mmoja. Nikionekana natembea sawasawa, bila fimbo, bila kushika ukuta, nabaki na nyumba yangu na cherehani yangu. Nikionekana nachechemea, gari linakuja kunichukua.

Na goti lilikuwa baya kweli. Wao hawakujua hivyo. Nyinyi mnajua. Basi nyamazeni.

Jumamosi akaja fundi wa kamera, mtu mpole, mrefu, anayesalimia huku anaangalia juu. Nilipomwambia karibu, akaniambia dari yangu ni nzuri. Nikampa jina hapohapo: Fundi Dari.

Mwanangu alikuja naye, amebeba orodha. Alitaka kamera nane. Nane, nyumba ya bibi mmoja na kuku wawili. Fundi Dari akamuuliza kwa adabu kama ndani kuna benki. Basi mkoba wa mwanangu ukakohoa kidogo, nane zikawa nne.

Fundi akaanza kutusomesha. Kamera ya nje iwe ya kustahimili mvua. Isielekezwe jua linakochomoza, la sivyo kila asubuhi utaona mwanga mtupu na mwizi ataondoka na godoro ndani ya mwanga huo. Isifungwe juu mno, utabaki na picha za kofia za wezi. Isifungwe chini mno, itaibwa yenyewe kwanza. Ziko zinazoona gizani, ziko zinazosikia, ziko hata zinazosema. Halafu akatoa kikadi kidogo kama ukucha, akasema hicho kinaweka picha za siku saba, ya nane ikiingia ya kwanza inajifuta.

Nikamwambia basi hicho kina utu kuliko wifi zangu. Wao hawafuti.

Tukaja kwenye mahali pa kuzifunga. Hapo mwanangu akageuka mhandisi. Moja getini. Moja uani, kwa ajili ya lile bomba. Moja kwenye korido ya kutoka chumbani kwangu kwenda jikoni na bafuni. Hili, akasema, ni wazo la mke wake, kasoma mahali kwamba wazee huangukia njiani. Nikamshukuru mke wake kwa kusoma. Na moja sebuleni, ambako ndiko ninakoshonea, maana vitambaa vya wateja vina miguu.

Sebuleni Fundi Dari akasita. Akaangalia dari, akaangalia futi yangu ya kupimia, akaangalia pazia ninalowavutia wateja wakibadilisha nguo. Akamwita mwanangu pembeni.

Wakaenda kunong'onezana uani. Mimi kwa bahati nilikuwa na shughuli nyuma ya mlango. Sikusikia mengi. Nilisikia neno sanamu, hesabu yake, na kiapo. Kumbe katika nne zile, mbili zilikuwa kamera za kweli na mbili sanamu, gamba tupu la kutishia watu. Zipi ni zipi, hawakusema, na mwanangu alimwapisha fundi asiniambie. Mtoto wangu wa kumzaa, niliyemshonea sare tangu kiunoni hana nyonga ya kushikia suruali.

Alipoondoka nikambakiza fundi kwa chai. Nikamuuliza taratibu. Akasema siri ya mteja ni kama ya daktari. Nikaongeza sukari. Nikaongeza mkate. Alikula mkate, akanywa chai, akashukuru sana, akaondoka na siri yake.

Haya. Nikabaki peke yangu na macho manne ukutani, nikafikiri.

Kamera ya getini na ya sebuleni zilikuwa kubwa, nyeusi, zina kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kama jicho linalokonyeza. Ya uani na ya korido zilikuwa vitu vidogo vyeupe, vimekaa kimya kama vifuniko vya chupa. Havina taa, havina mbwembwe.

Sasa niambieni. Pasi ikiwa na moto, kitaa kinawaka. Redio ikiwashwa, kitaa kinawaka. Jokofu la mkaza mwanangu lina vitaa kama mji mzima. Mimi nimesoma mpaka shule ya msingi ilipoishia, lakini hilo halihitaji chuo kikuu: kinachowaka ndicho kinachofanya kazi.

Nikajipongeza. Nikapanga maisha.

Sebuleni, mbele ya jicho jekundu, nikawa mwanajeshi. Natembea kifua mbele. Naokota sindano kwa kuinama, sipigi magoti. Nabeba gora la kitambaa begani kutoka pembe hii hadi ile, halafu nalirudisha, kwa sababu halikuwa na kazi yoyote pembe ile. Siku moja nikacheza na ngoma ya redioni. Mteja niliyekuwa nampima kiuno akaniuliza kama nimekunywa kitu. Nikamwambia nimekunywa afya.

Cherehani nilikanyaga kwa mguu mmoja, ule mzima, huku uso umetulia kama maji mtungini.

Halafu nikishapiga hatua moja ndani ya korido, mlango ukajifunga nyuma yangu, ndipo nazeeka.

Koridoni ndiko nilikochechemea. Nilishika kuta zote mbili. Fimbo niliificha huko. Kuna siku nilikwenda bafuni kwa kusukuma kigoda mbele yangu, naegemea, nasukuma, naegemea, kama mtu anayefundisha kigoda kutembea. Na kwa kuwa maumivu yanataka mtu wa kulaumiwa, nilimlaumu mkaza mwanangu. Kwa sauti. Nilisema wali wake unaweza kuzibia ufa wa ukuta. Nilisema ana paji la uso la kutangazia biashara. Nilisema mengine ambayo mhariri ameniomba nisiyarudie, na mimi ni mtu wa kusikia.

Kila Jumapili mwanangu alipiga simu. Anasema ripoti ni nzuri, mama uko imara, hata yeye anashangaa. Nikamwambia asishangae, hii ni mifupa ya zamani, haikutengenezwa kiwandani. Nilipokata simu nilikwenda kumcheka koridoni.

Wiki tatu zikapita hivyo. Ilibaki wiki moja.

Ndipo Alhamisi asubuhi nikaingia sebuleni kifua mbele, nikatupa macho ukutani, jicho jekundu limezima.

Nikasubiri likonyeze. Wapi.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa raia mwema wa kamera. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha kwamba sina cha kuficha. Nikampigia mwanangu, nikampa taarifa kwa sauti ya mtu mwenye dhamana: kamera yenu ya sebuleni imekufa, mlete fundi haraka, nisije nikatembea vizuri bure.

Nikamsikia anacheka, kicheko kile alichokuwa nacho tangu mdogo, cha kuziba pua.

"Mama," akasema, "hiyo ni sanamu. Ina betri mbili ndogo kama za saa ya ukutani. Zimekwisha tu."

Nikamuuliza kwa sauti ambayo naamini ilikuwa ya kawaida, kwa nini sanamu iwekwe mahali penye mali.

Akanieleza. Fundi alikataa kuweka kamera ya kweli chumba ambacho wanawake wanavua nguo wapimwe. Alisema hafungi jicho mahali pa stara ya watu hata alipwe nini. Basi wakaweka la kutishia wezi wa vitambaa, na la getini vilevile.

Maneno ya fundi mwenye haya zake. Na mimi, niliyewapima wanawake chumba kile nusu ya umri wangu, nikivuta pazia lile kwa mkono huu, sikuwaza hata mara moja kwamba haiwezekani jicho la kweli likae pale.

"Kwa hiyo za kweli," nikasema.

"Ya uani na ya korido," akasema. "Zina sauti na kila kitu. Nipo jirani na huko, napita sasa hivi na betri."

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata thelathini.

Niliingia koridoni polepole. Sijui kwa nini nilitembea vizuri. Nikasimama chini ya kile kifuniko cheupe, nikakitazama. Wiki tatu nilikuwa nimekitundikia kitambaa cha jikoni kwenye msumari wa jirani yake, nikakifanya mwenzangu.

Nikawaza: kama mwanangu kaona yote haya, mbona ripoti ni nzuri? Amekuwa kipofu? Au ananingojea mwezi uishe anicheke vizuri?

Nikajibu mwenyewe. Mwanangu hana muda wa kuangalia hata viatu vyake. Kazi ya kunitazama kampa mtu.

Nikakiambia kile kifuniko: "Kama upo humo, sema."

Kikakwaruza kidogo.

"Shikamoo, mama," kikasema, kwa sauti ya mkaza mwanangu.

Marahaba ilinitoka yenyewe, kwa mazoea. Nikavuta kigoda nikakaa, maana sasa hapakuwa na wa kumficha. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yupo kazini, mapokezi, kuna watu wawili wanasubiri, wasubiri.

"Tangu lini unaniona?"

"Tangu Jumamosi ile fundi hajashuka ngazi."

"Na kusikia?"

"Na kusikia. La paji la uso nililicheka, mama. La wali nikajaribu kupunguza maji."

Ninaandika haya nikiwa nimeficha uso, ingawa hamnioni. Nikamuuliza basi mbona kila Jumapili ripoti ilikuwa nzuri. Nikajiandaa kusikia maneno ya upendo, maana ndivyo watu wanavyosema wakishakukamata.

Hakusema ya upendo. Alisema nyumba yake ina vyumba viwili, na mimi nikiwa chumba cha pili, ndani ya mwezi mmoja mmoja wetu atakuwa hasemi na mwenzake, na mwanangu atakaa katikati akila wali wa maji mengi kwa huzuni. Kwa hiyo kila jioni alimwambia mumewe mama yuko imara. Alisema uongo huo kwa raha kabisa.

Nikamheshimu papo hapo. Miaka kumi na moja ya kuwa mkwe wake, hatujawahi kukubaliana hata juu ya chumvi, na kumbe tulikuwa chama kimoja.

"Sasa endelea hivyohivyo," nikamwambia. "Imebaki wiki moja."

"Siwezi tena," akasema. "Jumanne, mama."

Ya Jumanne sikuwaandikia nyinyi. Nilidhani litapita. Jumanne goti lilikataa katikati ya korido, nikaenda chini na sufuria ya maji. Maji hayakuwa ya moto, Mungu ni mwema. Lakini kuinuka nilishindwa. Nikalala pale juu ya maji, nikihesabu mbao za dari, nikimtukana kila niliyemkumbuka, mpaka nikaishiwa na watu.

"Dakika arobaini na tatu," akasema. "Nilikuwa chooni hapa kazini, simu mkononi. Nikitaka kusema nawe nawaza utashtuka. Nikitaka kumpigia mwanao nawaza utahamishwa kwa sababu yangu. Nikampigia jirani yako, simu haikuita. Hukuniona ninavyolia. Mimi nakuona, wewe hunioni, ndiyo shida ya kitu hiki."

Mama Pazia siku ile alikuwa mazishini. Mara moja katika mwaka kamera ile haikuwa kazini.

Nikamwambia nimeinuka, si aliona, nimeinuka mwenyewe. Akasema aliona. Akasema vilevile aliona sikuweza kukanyaga cherehani Jumatano, maana nilikuja kukaa koridoni na kitambaa mapajani, nikikipigapiga kwa mkono kama mtoto mchanga.

Hapo sikuwa na mzaha. Nilitafuta mmoja, sikuupata.

"Mficha maradhi, mama," akaanza.

Nikamwambia namalizia mwenyewe, nimeijua methali hiyo kabla babu yake hajaoa.

"Basi," akasema. "Sitamwambia mimi. Mwambie wewe. Ukisema wewe, utasema unavyotaka: daktari wa goti kwanza, kuhama baadaye au kutohama. Wewe unajua kupatana bei. Lakini akiniuliza tena jioni, sitasema mama yuko imara. Mdomo wangu umechoka."

Geti likalia.

Sikuinuka. Mwanangu ana ufunguo. Nikasikia viatu vyake sebuleni, nikasikia anaivua ile sanamu ukutani na kuitia betri, anajiimbia. Halafu akaja koridoni, mrefu, ananikuta nimekaa kwenye kigoda chini ya kamera, kitambaa cha jikoni mkononi.

Akanipa shikamoo. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba wa baba yake.

"Mama, mwezi haujaisha, lakini nimetosheka," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi bure. Unabaki kwako."

Wiki tatu nililisubiri neno hilo. Nililitembelea kijeshi, nikalichezea ngoma. Sasa limekuja, limekaa mapajani mwangu, na mimi sijui pa kuliweka.

Akaendelea kusema, amefurahi, maneno yanamwagika. Alikiri yeye mwenyewe picha hajaziangalia hata siku moja, kazi zimembana, ila mke wake ni mwangalifu, na neno lake linamtosha. Tatizo ni nduguze. Hawaamini. Wanasema mama kamzunguka. Kwa hiyo anataka kuwatumia kipande kimoja tu, kifupi, mama anatembea, wanyamaze. Akatoa simu. Akaifungua. Siku saba zikajipanga kwenye kioo, kila moja na tarehe yake.

"Chagua mwenyewe," akasema. "Siku gani ulitembea vizuri zaidi?"

Nikazitazama. Siku saba, zote za korido. Hapakuwa na nzuri zaidi, palikuwa na mbaya na mbaya kuliko hiyo.

Nikikataa, atazifungua njiani. Nikisema yoyote, ataniona mimi, sawa, mimi ni kikongwe, ninahama, nitatazama ukuta. Lakini kabla ya kuniona mimi atamwona mke wake, jioni baada ya jioni, akimwambia uongo machoni. Mimi nitahama nyumba. Yeye atahama nini?

Niliinua macho kwenye kile kifuniko. Alikuwa anasikia kila neno. Mtu niliyemsimanga wiki tatu nzima alikuwa ameniachia mimi nichague.

"Anza na Jumanne," nikamwambia mwanangu. "Na kabla hujabonyeza, jua kwamba mkeo nilimlazimisha mimi aseme niko mzima. Nilimtisha."

"Hukunitisha, mama," ukuta ukasema.

Mwanangu akaruka. Akautazama ukuta, akanitazama mimi, akatazama simu. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Na pale kwenye kioo, bibi mmoja mdogo akaingia koridoni na sufuria ya maji, akijikongoja bila haraka, kama mtu ambaye ana hakika hakuna anayemwona.